Mabega ya Datsun

Kuku aliingia chini ya gari upande wa kulia, na upande wa kushoto hakutoka.

Ndo ilivyoanza, hivyo tu, kwa kuku. Alikuwa mwekundu, wa Enesi, mke wa fundi, kafungwa kitambaa cha bluu mguuni asichanganywe na wa majirani, na alikuwa anakimbia jua. Mwezi wa kumi huo, mwaka 2004, jua la Tunduma lilikuwa kali mpaka lami inabaki na kandambili za watu. Kuku akaingia kwenye kivuli cha Datsun, mkia ukapotea, basi. Fundi Lusubilo alikuwa kachuchumaa upande wa pili na jiwe mkononi anamngoja, maana jana yake kuku huyo alikanyaga puti mbichi aliyolipaka gari. Akangoja. Akainama akachungulia. Vumbi, kipande cha msasa, na baridi iliyompiga usoni kama kafungua friji la bucha.

"Umepitia wapi, mshenzi wewe?" akasema, akalirusha jiwe mle kivulini.

Jiwe halikutoa mlio.

Mtu mwingine angekimbia. Lusubilo alikasirika. Wiki hiyo alikuwa na hasira na kila kinachopumua.

Nikwambie alikuwa fundi wa namna gani. Mndali wa Ibaba, darasani hajakaa hata siku moja, lakini bati likimwona linajikunja lenyewe. Akipiga nyundo Tunduma, Wazambia wa Nakonde wanarekebisha saa. Liliwahi kuletwa roli lililopinduka njia ya Chitete, limekunjamana kama karatasi ya sukari, akalinyoosha mpaka mwenyewe alipokuja kulichukua akalikana, akasema hili siyo langu, langu lilikuwa baya. Mtu kama huyo haambiwi namna ya kufanya kazi. Na mwenye Datsun alimwambia.

Mwenye Datsun ni Abdulrahim, msafirishaji, mtu wa Tanga, ana maroli sita yanayopanga foleni pale mpakani kila wiki. Gari alilirithi kwa baba yake, marehemu mzee Sufiani. Datsun ya mwaka sabini na tatu, milango miwili, rangi ya chungwa. Abdulrahim alikuwa kanunua Nakonde rimu pana na matairi mapana, kayafunga, yakatokeza nje ya bodi kama masikio. Sasa akataka fenda zitanuliwe, kila tairi lifunikwe na bati lililovimba, na mbele chini ya bampa ikae spoila ya kukaribia kulamba lami. Yale mabati yaliyovimba Lusubilo aliyaita mabega. Spoila aliiita kidevu. Jumamosi gari liongoze msafara wa harusi ya mdogo wake Abdulrahim.

"Ila fundi," Abdulrahim alisema siku analileta, "kazi yako ifanyie ndani ya banda. Kuanzia saa sita mpaka adhana ya adhuhuri ipite, usilitoe juani. Baba hakuwahi kuliweka juani saa hizo."

"Kwani rangi itapauka?"

"We fanya ninavyokwambia."

Hapo ndo alipomkosea. Hakuna fundi bodi anayesoma bati gizani. Bati unalitoa nje jua likiwa kali, unalimwagia maji, unafumba jicho moja na kulitazama kwa ubavu, na kila wimbi uliloliacha linajitangaza lenyewe. Ukiambiwa usitoe gari juani, umeambiwa ufanye kazi mbaya.

"Mimi!" Lusubilo alimwambia mkewe. "Nifundishwe na mtu wa maroli! Kama anataka gari la gizani, akawapelekee popo."

Jumanne hiyo ya kuku, mabega mawili ya upande wa kulia yalikuwa tayari. Yote manne aliyapiga kwa mkono kutoka kwenye boneti ya roli bovu, juu ya gogo, siku nne. Akakata ukingo wa fenda za zamani kwa grenda, akayachomelea hayo mawili, akapaka puti, akapiga msasa. La mbele kulia ndo lilikuwa la kwanza, na lilikuwa zuri kiasi kwamba madereva waliokuwa kwenye foleni walishuka kwenye maroli kuja kulipapasa. Saa sita na robo akalisukuma gari nje.

Sasa huku kwetu, katikati ya mwezi wa kumi, jua linasimama utosini saa sita na nusu. Kila kitu kivuli chake kinaingia chini yake mwenyewe. Kivuli cha Datsun kingekaa chini ya tumbo la Datsun. Lakini mabega yalikuwa yametoka nje vidole vinne, na kivuli nacho kikatoka vidole vinne.

Enesi akaja na chakula. Mnyiha wa Mbozi, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Akakaa juu ya gogo pembeni ya tairi la mbele, kama alivyokaa kila siku miaka saba, akanyoosha mguu. Vidole vya mguu vikaingia kivulini.

"Baba Brayan, hapa chini umemwaga nini?"

"Sijamwaga kitu. Niwekee ugali."

"Pana baridi."

"Baridi ya wapi na jua hili? Weka ugali, mwanamke."

"Halafu panatoa harufu. Kama udongo uliolowa. Kama na ubani hivi." Akavuta mguu, akautazama. Vidole vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga. "Lusubilo. Sivisikii vidole."

"Na mimi sisikii ugali tumboni!"

Enesi akamwekea sahani chini, mbali kidogo, makusudi, akaondoka anachechemea.

Mpaka jioni baridi ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu ya Enesi. Zahanati wakamgusa, wakampima, wakampa vidonge. Waligombana njia nzima ya kurudi, yeye anasema ni lile gari, mume anasema ni viatu vya mtumba.

Jumatano Lusubilo akamaliza kufunga mabega ya kushoto na kidevu, anafanya kazi kama anapigana. Enesi siku hiyo hakuja. Alikuwa amelala chumbani kwao, nyuma ya banda, kajifunika mablanketi mawili kwenye joto la kuoka mkate. Saa sita na robo fundi akalisukuma gari juani tena, akalimwagia maji, akafumba jicho moja. Hakukuwa na wimbi hata moja. Bati lilikuwa limelala kama maziwa ndani ya bakuli. Akacheka peke yake.

Halafu akasikia kitu kinajigeuza chini ya gari.

Kilikuwa kama mtu mzito anayegeuka kitandani. Springi zikalia. Kucha zikapita kwenye sakafu ya gari kwa chini, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele, zikafika kwenye kidevu zikakigonga mara tatu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Ile harufu ya udongo uliolowa ikatoka, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. Na hapohapo, kule chumbani, Enesi akapiga ukelele ambao nakuapia ulivuka mpaka bila kugongewa muhuri.

Lusubilo alikimbia na nyundo mkononi, akausukuma mlango, na alichokikuta kitandani alikuwa ni mkewe, kakaa wima, mgongo umenyooka kama ubao, macho yanatazama ukuta uliokuwa upande wa gari, na mdomo wake yule Enesi anayeongea Kiswahili kizito cha Mbozi ulikuwa unatoa Kiswahili laini cha pwani, cha mtu mzima wa kiume mwenye hasira, hasira ya mtu aliyeamshwa usingizini na kukuta watu wanabomoa.

"Nani alokwambia nyumba yangu ndogo?"

Lusubilo akainua nyundo, akaishusha.

"Nakuuliza wewe mwenye nyundo! Miaka thalathini n'mekaa, sikumwomba mtu chumba. Umekuja umenivunjia ukuta, umenijengea ukumbi. Ukumbi mtupu! Nani akaaye ukumbi mtupu?"

"Toka kwa mke wangu," Lusubilo akanong'ona.

"Mimi sijaingia kwa mkeo. Mkeo ndiye aloingia kwangu. Kwa miguu yake." Sauti ikacheka, bila furaha. "N'mefika magotini. Kesho saa hii namvuta mzima, akae ukumbini mwangu. Umejenga, basi jaza."

Adhana ikaanza kule msikitini. Enesi akaanguka kwenye mto. Lusubilo akafunua blanketi, akamshika goti. Ni kama kushika chuma alfajiri.

Abdulrahim alifika jioni ileile, hata hajafunga mlango wa gari alilokuja nalo, ugomvi ukaanza.

"Nilikwambia usilitoe juani!"

"Ungeniambia kuna jini!"

"Ningekwambia kuna jini ungefanya kazi?"

"Nisingefanya! Ndo maana ya kumwambia mtu!"

"Basi mimi nilitaka kazi ifanyike!" Abdulrahim akafoka, halafu akasikia alichokisema mwenyewe. Akatazama mabega manne na kidevu. Hata katika hali ile, macho yake yalitulia pale muda mrefu kuliko heshima inavyotaka. "Nitamleta mama," akasema.

Bibi Mwanaisha alikuja asubuhi ya Alhamisi, kajifunga kanga mbili, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, na hasira ya kujaza maroli yote ya mwanawe. Hakumsalimia mtu. Aliingia chumbani, akamgusa Enesi mapajani, akatoka, akalizunguka gari mara moja, akalipiga teke tairi.

"Mpangaji mbaya wewe," akaliambia gari. "Nitakuja kwako. Nianze na hawa wajinga."

Akakaa kwenye lile gogo, akasema. Zamani mumewe, mzee Sufiani, alikuwa anapata ajali kila safari. Akaenda kwao Tanga, akarudi na mlinzi. Mapatano yalikuwa mafupi: kivuli cha gari cha saa sita ni chake mlinzi, na chochote kilichomo ni chake. Kivuli kikapimwa kwa kamba. Ndo maana mzee kila saa sita alilitia gari bandani, maana bandani hakuna kivuli, na asiye na kivuli hana pa kukaa, analala. Hakudhuru mtu miaka thalathini.

"Sasa wewe umempa zaidi ya kamba," Bibi akasema. "Ukilitia bandani sasa, atalala na mkeo humohumo. Aliyemtanulia ndiye atakayempunguzia. Leo, palepale juani, kwa mkono wako, kabla ya adhana. Mabega yote manne. Na hicho cha mbele."

Lusubilo akatazama kazi yake. Nakwambia ukweli, machozi yalimtoka.

"Bibi yangu. Hata kidevu? Kidevu hakijamgusa mtu."

"Mwanangu, mkeo anakufa, unaniuliza habari ya kidevu?"

Wakamtoa Enesi na godoro, wakamlaza pembeni ya tairi la mbele kulia, pale alipoingilia, ili atokee palepale. Saa tano kasoro robo Lusubilo akawasha grenda. Bega la nyuma kushoto likaanguka saa tano na nusu. La mbele kushoto akalianza, cheche zinaruka, na katikati ya kukata, grenda ikashusha sauti, ikazunguka polepole, ikasimama. Umeme umekatika, Tunduma nzima.

"Patasi!" Bibi akapiga kelele. "Unatazama nini?"

Akachukua patasi na nyundo, akaanza kukata chuma kwa mkono, na kila pigo alilolipiga lilikuwa linaingia kwenye kitu alichokipenda, akapiga, akatukana, akamtukana jini na baba yake jini, akamtukana Abdulrahim na harusi yake, la mbele kushoto likaanguka, akahamia nyuma kulia, jua linapanda, kivuli kinarudi chini ya gari kidogo kidogo kama maji yanayopungua kwenye beseni, na kwenye godoro midomo ya Enesi ikaanza kuwa ya rangi ya risasi na ile sauti ya pwani ikaanza kusema kutoka mdomoni mwake, bila haraka, "Kiunoni. Kiunoni, fundi. Sasa tumboni," na la nyuma kulia likaanguka, na fundi mikono inavuja damu akafika kwenye la mbele kulia, lile la kwanza, akaliwekea patasi, na mkono ukagoma.

"Baba Brayan," akasikia. Haikuwa ile sauti. Ilikuwa ya Enesi mwenyewe, ndogo, ya mbali, kama inatoka ndani ya pipa. "Unalionea huruma?"

Akapiga. Akapiga mpaka likakatika, lakini alilikata kwa uangalifu, pembeni kabisa ya mchomeleo, lisipinde. Kikabaki kidevu.

Hapo Abdulrahim akamdaka mkono wa nyundo. "Kidevu acha! Fundi, acha! Harusi keshokutwa, na kivuli cha mbele hakina mtu!"

Bibi Mwanaisha alivua kandambili akampiga nayo mwanawe mdomoni, mtu mzima mwenye maroli sita, mbele ya madereva wa nchi nne. "Msafara wa maiti utauongoza wewe? Mwachie mkono!"

"Kifuani," ikasema sauti.

Lusubilo hakutumia patasi tena. Alikishika kidevu kwa mikono miwili, akaegemeza mguu kwenye bampa, akavuta, anapiga kelele kama ng'ombe, ribiti zilizokishikilia zikaruka moja moja kama bisi, na kikang'oka naye akaanguka nacho mgongoni saa ileile muadhini alipovuta pumzi kwenye spika ya betri.

Bibi akainama, akaongea na kile kilichokuwa chini ya gari, kwa sauti ya mwenye nyumba. "Haya. Nyumba yako ile ile, kwa kamba ile ile. Mwachie mtoto wa watu."

Springi zikalia mara moja. Halafu mdomo wa Enesi ukasema, kwa kinyongo, "Ndogo. Lakini yangu."

Na jasho likamtoka Enesi kuanzia kifuani kushuka mpaka miguuni, likalowesha godoro. Akakaa. Akasimama, anayumba. Akamfuata mumewe alipokuwa kalala na kidevu tumboni, akamzaba kibao kilichosikika Nakonde.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Ulipouliza habari ya kidevu, nilikuwa nakusikia."

Bibi akaagiza mabati yote yapondwe, yafukiwe, maana ukumbi ukibaki mzima, mwenyewe hurudi kukaa. Lusubilo akayaponda mwenyewe nyuma ya banda, akapiga nyundo mara nyingi, akatoka akasema, "Tayari, Bibi. Yote." Datsun ikaungwa kingo za fenda, ikarudishiwa matairi yake membamba, ikaenda. Abdulrahim hakukanyaga tena pale.

Mwaka mzima Lusubilo alikula hasira. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna wa kumwonesha! Mafundi wa juzijuzi wanabandika faiba kwa gundi wanajiita mabingwa. Mwezi wa kumi ulipofika tena, asubuhi moja akapanda darini, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gunia. Bega la mbele kulia. Hakuliponda. Aliponda matatu na kidevu, la nne akapiga gogo tupu. Akalipaka rangi ya chungwa, akalining'iniza kwa waya juu ya lango la banda, foleni nzima ilione.

"Iwe, mudala!" dereva mmoja wa Zambia akamwita kutoka kwenye roli, yaani wewe, mzee. "Hilo umepiga na mkono?"

"Na mkono huu!" Lusubilo akajibu, akasimama chini ya lango, kidole juu, kifua mbele, anaeleza. Akaeleza muda mrefu. Jua likapanda.

Saa sita na nusu Enesi alitoka nyumbani na chakula, akakunja kona ya banda, na miguu yake ikakataa. Alitazama lile bati juu, dogo, la urefu wa mkono. Akatazama chini. Ardhini palikuwa na kivuli cha gari zima, milango miwili, mabega manne, na kidevu.

Hakupiga kelele. Aliinama akaweka sahani chini, taratibu, mbali, bila kuondoa macho. Ikamjia harufu ya udongo uliolowa.

Upande wa kushoto wa kile kivuli akatoka kuku. Mwekundu, kitambaa cha bluu mguuni, anakimbia kama dakika hiyo ndo kaingia. Nyuma yake likaruka jiwe, likagonga lango la bati, ngaa! Kama vile humo ndani kuna mtu anatoa vitu vidogo, anafanya nafasi.

Lusubilo akaacha kuongea. Akatazama jiwe. Akamtazama mkewe, akataka kumwendea, na Enesi akaona uso wake unabadilika, uso wa mtu anayeita miguu na miguu haiitiki.

"Baba Brayan," Enesi akanong'ona, "umesimama wapi?"